Jinja: viwanda jirani tutumiane mabaki, tuanzie wapi?

FundiBoila_Walukuba
Habari zenu ndugu. Mimi ni fundi wa boila katika kiwanda cha sabuni hapa Jinja, Uganda, huu mwaka wa 19. Boila yangu inakula kuni za mikaratusi. Zamani lori lilitoka asubuhi na kurudi mchana. Siku hizi kuni ziko mbali, linalala njiani.

Ukipanda juu ya tangi letu la maji unaviona viwanda vitatu vya jirani. Mmoja anakoboa mpunga, maganda anayachoma uwanjani usiku, moshi wote unaingia Walukuba. Wa pili anachakata sangara. Wa tatu anamwaga maji ya moto kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Asubuhi ya baridi unaona mvuke unapanda. Na mimi hapo hapo nachoma miti ili nichemshe maji baridi. Inaniuma kweli.

Mwezi uliopita wakubwa walikutana, wakakubaliana tuwe na mpango wa pamoja, kazi ya kuuandika nikapewa mimi. Nimesoma habari za Kalundborg, Denmark, viwanda jirani vimeunganishwa kwa mabomba, mmoja anampa mwenzake mvuke na maji yaliyombakia. Wengine wananishauri nichore kwanza ramani ya mabaki yote ya Busoga, eneo letu zima. Nianzie wapi? Mjue pia kwamba miaka mitatu iliyopita tulinunua maganda ya kahawa yakaja yameloa, mawe ndani. Boila ilisimama siku mbili. Tajiri hataki kulisikia hilo neno.

Mwana_Kasese
Mzee, pole. Huku kwetu kiwanda cha saruji cha Hima kimechoma maganda ya kahawa miaka mingi, lakini tanuri la saruji linameza majivu yake, yanakuwa sehemu ya saruji. Boila yako itayatema. Na ukihamia maganda ya mpunga ni zaidi: karibu sehemu moja ya tano inabaki majivu, magumu kama mchanga, yanasugua mabomba. Tafuta mteja wa majivu kabla hujanunua gunia la kwanza.

Jambo lingine. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalikaa hapa rundo kubwa, mvua ikinyesha yanachafua maji. Mwaka 1999 kiwanda kikaanza kutoa kobalti humo. Kazi nzuri, vijana wakaajiriwa. Kisha rundo likaisha na kiwanda kikafunga. Kwa hiyo muulize jirani yako mabaki yake yatakuwepo miaka mingapi.

MamaNguruwe_Buwenge
Kaka, mimi ni mfugaji, nimekuwa nikichukua machicha ya kiwanda cha bia miaka sita. Robo tatu yake ni maji, siku ya tatu yanachacha. Wakisimamisha mitambo bila kunipigia simu, nguruwe wangu wanalala njaa. Andika kwenye mpango wako nani anampigia nani, na saa ngapi. Hilo ramani haitakuonyesha.

Na hapo kwenye samaki nakuomba sana. Mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikitolewa, sio takataka. Kuna akina mama Masese wanaununua, wanaukaanga, wanasomesha watoto. Mkipeleka mifupa yote kwenye kinu cha chakula cha kuku, mtakuwa mmewanyang'anya riziki na kuiita usafi wa mazingira.

Mhandisi_Namanve
Kalundborg hakuna aliyekaa mezani kuipanga yote. Mwaka 1961 waliona maji ya chini ya ardhi hayatoshi kiwanda cha kusafisha mafuta, wakavuta bomba kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda hicho kikaanza kumpa jirani wa mbao za jasi gesi iliyokuwa ikiungua bure. Hivyo hivyo, wawili wawili, kila mkataba ukijilipa wenyewe. Ramani ya Busoga iache kwanza.

Wewe anza na yale maji ya moto. Kila ukipandisha maji yanayoingia kwenye boila nyuzi 6 hivi, unaokoa karibu asilimia 1 ya kuni. Yakipanda kutoka 25 hadi 61, hiyo ni asilimia 6. Usiyachanganye na yako. Weka kibadilisha joto katikati, ya kwao yapite upande mmoja, yako upande mwingine. Ila pima kwanza, na umbali pia, maana joto linapotea njiani.

FundiBoila_Walukuba
Asanteni sana. Leo nimekwenda na kipimajoto, askari wa getini akanisindikiza. Saa nne asubuhi maji yalikuwa nyuzi 58, saa saba 55, saa kumi 31 kwa sababu zamu ya mchana hawakuwasha. Umbali hadi boila yangu ni mita 140. Nitapima wiki mbili mfululizo, usiku pia, ndipo niende kwa tajiri na daftari mkononi.

Mama wa Buwenge, mgongo wazi nimeutoa kwenye mpango. Jumamosi nateremka Masese kuwauliza wenyewe kama kuna kinachobaki baada yao.

Mhandisi, moja tu: jirani akikubali, tumlipe kwa lita au kwa joto? Nikilipa kwa lita, ile saa kumi ya nyuzi 31 nitakuwa nanunua maji ya kuoga.