Nina miaka 41, baiskeli nimeijua juzi tu. Nirudi kwa wale jamaa au nimeshawachosha?

Mama_Zabibu
Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri, na wa kucheka acheke taratibu.

Nyumba niliyokulia, baiskeli ilikuwa ya kaka zangu. Mimi nilikuwa wa kwenye karia tu, miguu upande mmoja. Mwezi wa tatu nikanunua ya mtumba ya Kijapani, ina kikapu mbele, nikawa najifunza alfajiri kwenye kiwanja huku Kisasa, Dodoma, ili nisionekane. Watoto wa shule wakaniona hivyo hivyo. Siku ya pili dera likanaswa na cheni, likatoka kwa mkasi.

Sasa kuna kikundi nilikutana nacho barabara ya Dar. Jumamosi asubuhi huwa wanaenda Ihumwa. Mmoja akaniambia, "Dada, karibu, sisi hatukimbizani." Nikaenda. Kweli hawakimbizani, ila ule upepo! Kufika viwanja vya Nanenane pumzi sina, na tairi la nyuma nalo likaisha upepo. Watu tisa wamesimama juani karibu dakika 40 kwa ajili ya tyubu yangu. Hakuna aliyenuna, na ndicho kinachoniuma zaidi. Nilipotaka kurudi na bajaji wakakataa.

Wamenipigia, wananiita tena Jumamosi hii. Niende, au nijifue kwanza peke yangu miezi miwili mitatu?

Spoki_Legevu
Ungekuwa umewaudhi wasingekupigia. Hilo limeisha.

Tuje kwenye upepo. Msimu huu wa kiangazi Dodoma unatokea mashariki, kwa hiyo kwenda Ihumwa unaupokea kifuani, kurudi unakusukuma. Kaa nyuma ya mtu mwenye mwili wake akukinge, ila usilisogelee sana tairi lake. Mkigusana, anayeanguka ni wa nyuma.

Mjukuu_wa_Makole
Miaka 41, bajaji zimejaa mjini, ya nini yote hayo?

Mama_Zabibu
Bajaji panda wewe mkuu, mimi nimeshanunua kofia ngumu.

Fundi_Mnyororo
Hiyo pancha naapa ni mbigili. Ukikwepa lori usikimbilie majani makavu pembeni ya lami, ndiko kwao. Ukiukuta mwiba umechoma na tairi bado lina upepo, usiung'oe hapo barabarani, maana ndio unaoziba tundu. Fika kwanza penye pampu.

Na kabla hujarudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, pole pole. Kikinasa, kuna mwiba mwingine. Kila siku naletewa tyubu ina viraka vitatu na mwiba ule ule uko ndani ya tairi umetulia. Beba tyubu ya akiba, pampu ndogo na vyuma vya kutolea tairi.

Halafu siti. Najua umeishusha ili miguu ikanyage chini. Kwa kujifunzia sawa, kwa safari inamaliza magoti. Pedali ikiwa chini kabisa, weka kisigino juu yake, mguu unyooke. Hapo ndipo pake.

Binti_Hombolo
Nenda, ila waage mapema kwamba unageuzia Nzuguni. Kujifua peke yako barabara ile mimi sikushauri, malori yakikupita yanakuyumbisha. Ukiwa katikati ya wenzako dereva anakuona.

Mavazi: mimi navaa suruali, mguu wa kulia naufunga lastiki usiingie kwenye cheni. Kanga natoka nayo kiunoni mpaka mwisho wa mtaa, halafu inaingia kikapuni. Mama mkwe hajui hadi leo.

Spoki_Legevu
Hapo kwa mama mkwe nimecheka peke yangu ofisini.

Mama_Zabibu
Mrejesho. Nimerudi sasa hivi, saa 5, magoti yananitetemeka. Nzuguni sikugeuza. Tumefika Ihumwa, tumekunywa chai na chapati. Pancha ilikuwepo, lakini safari hii ni ya yule yule aliyenikaribisha, na pampu kaisahau nyumbani. Nikatoa yangu. Alipotaka kurudisha tyubu nikamwambia subiri kwanza, nikapitisha kanga ndani ya tairi.

Imenasa mara mbili.