Kikundi cha ukoo, Mtwara: Wiki sita kabla ya kuripoti JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)

Mama Zuhura: Asalaam aleykum ndugu zangu. Zuhura na binamu yake Juma wanasubiri kwenda JKT, zimebaki kama wiki sita. Huyu wangu ameanza mbio juzi, akaenda kwa pupa barabara ya Mikindani, leo anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Naombeni mwongozo.

Mjomba Salumu: Waaleykum salaam dada. Apumzike siku mbili, halafu aanze upya taratibu. Kuruta wengi hawaangushwi na kukosa misuli, wanaangushwa na miguu. Pumzi inakuja upesi, wiki tatu au nne mtu anaona tofauti. Mfupa unachelewa. Sasa mtu akishajiona ana pumzi anaongeza mbio, na ugoko bado haujawa tayari. Hapo ndipo mfupa unapoanza kupata nyufa ndogondogo.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Nianze na ngapi?

Mjomba Salumu: Marahaba mwanangu. Siku tatu kwa wiki, usiunganishe siku mbili. Kila siku tembea haraka dakika 5 kwanza.
Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.
Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara 7.
Wiki ya 3: kimbia 4, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 4: kimbia 8, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 5: dakika 20 bila kusimama, mwisho wa wiki 25.
Wiki ya 6: rudi nusu. Usiende kuripoti na miguu iliyochoka.
Kasi ni ile ambayo unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Na uimbe. Mchakamchaka wa jeshini unakimbiwa na kundi zima kwa chenja, yaani nyimbo za kupokezana, asiyezoea kuimba huku anakimbia pumzi inamwishia katikati.

Juma: Shikamoo mjomba. Mimi nacheza mpira, naruka mpaka wiki ya 5?

Mjomba Salumu: Marahaba. Anza wiki ya 4. Kwenye mpira unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Mchakamchaka hausimami. Wewe upungufu wako utakuwa mabega na mzigo, hayo Mwalimu atakwambia.

Mama Zuhura: Bora wakimbilie ufukweni Shangani, mchanga ni laini?

Mwalimu Chande: Mchanga mkavu hapana, dada. Kisigino kinazama, mshipa wa nyuma ya kifundo unavutika kupita kiasi. Wasubiri maji yakipwa, wakimbie kwenye mchanga mbichi ulioshikamana. Lakini ufukwe umeinama, mguu wa upande wa baharini unakuwa chini kila hatua. Kwa hiyo waende na kurudi njia ileile, ili kila mguu upate zamu yake. Siku nyingine wachukue njia ya vumbi. Lami iwe mara moja kwa wiki, maana jeshini watakutana nayo pia.

Zuhura: Ugoko wangu unauma sasa hivi, je ni ule ufa?

Mwalimu Chande: Pitisha kidole gumba kwenye mfupa, toka chini ya goti hadi kifundoni. Maumivu yakiwa yametandaa kama kiganja kizima au zaidi, na yanapungua ukishachangamka, huo ni uchovu wa misuli na utando wa mfupa: pumzika, weka barafu dakika 15, punguza mbio. Kidole kikikuta sehemu moja tu, kama ukubwa wa sarafu, inauma mpaka unaruka, au usiku inauma umelala, usikimbie kabisa. Nenda hospitali.

Zuhura: Yametandaa. Alhamdulillah.

Nesi Somoe: Na asimeze diklofenaki ili aendelee kukimbia. Dawa hizo zinaficha maumivu, na mtu akiwa amekaukiwa maji juani zinaumiza figo.

Wifi, kuna jambo kubwa zaidi. Wote wawili wapimwe kabla ya kuongeza mbio: wingi wa damu, presha, na selimundu. Hata asiyeumwa, kama amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaweza kuanguka vibaya akilazimishwa mbio kali kwenye joto. Akijijua, anamwambia daktari wa kambi siku ya kwanza, na yeye anajua kusimama mapema na kunywa maji. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, asiifiche kwa kuogopa kurudishwa.

Mama Zuhura: Ahsante wifi, nitawapeleka hospitali ya Ligula wiki hii.

Juma: Mwalimu, pushapu mimi napiga 30.

Mwalimu Chande: Za namna gani? Kifua kishuke hadi karibu na ardhi, mwili unyooke toka kisogo hadi kisigino, viwiko vielekee nyuma kidogo, visitanuke kama mabawa. Hesabu upya kwa namna hiyo.

Juma: 14.

Mwalimu Chande: Hiyo ndiyo namba yako. Piga nusu yake, yaani 7, mara tano kwa siku, ukitawanya toka asubuhi hadi jioni. Siku tano kwa wiki. Kila baada ya wiki moja jipime upya. Ukipiga mpaka mikono inatetemeka kila siku, kesho yake unapiga mbovu na bega linaharibika.
Zuhura aanze kwa kuegemea ukingo wa baraza. Akifika 12 safi, ashuke kwenye kitu kifupi zaidi, kama ngazi, mpaka afike chini.
Kingine, kuchuchumaa na kuinuka, 15 mara tatu, kisigino kisiachie ardhi. Na kujinyoosha juu ya viwiko sekunde 30 mara tatu, kiuno kisilegee. Kichurachura, kule kuruka umechuchumaa, msikifanye nyumbani. Goti lisilozoea linavimba, mtafika kambini na jeraha.

Juma: Na mzigo?

Mwalimu Chande: Mara moja kwa wiki, kuanzia wiki ya pili. Begi la shule, mchanga ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri. Kilo 5, baadaye 8, usizidi 10. Zungushia shuka ili mchanga usitikisike, na uzito ukae juu katikati ya mabega. Begi likining'inia makalioni linakuvuta nyuma na kiuno kinalipa. Tembea kilomita 4 au 5, Mikindani pale pandisha kilima cha Boma. Usikimbie na mzigo hata kidogo.

Bibi Mwanahawa: Wajukuu zangu, na kula je? Naona huyu Zuhura anabagua.

Nesi Somoe: Shikamoo bibi. Asile kama anayetafuta kupungua. Binti akikimbia sana na kula kidogo, hedhi inakatika na mifupa inadhoofu. Asubuhi uji wa ulezi na muhogo au viazi, mchana ugali au wali na mbaazi, jioni samaki au dagaa na kisamvu. Korosho kiganja kimoja ukitoka mazoezini. Chai asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Asubiri kama saa moja.

Bibi Mwanahawa: Marahaba. Ming'oko je, ile mizizi ya porini?

Nesi Somoe: Mizuri sana bibi, inatia nguvu. Ila iliwe na dagaa.
Na joto letu hili lina unyevu, jasho halikauki upesi. Mazoezi yaishe kabla ya saa 1 na nusu asubuhi. Angalieni mkojo: ukiwa wa njano iliyokoza, hamjanywa maji ya kutosha. Wala msijaze lita tatu kwa mpigo, chumvi ya mwili inashuka na hiyo nayo ni hatari. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari la hospitali liitwe hapohapo.

Mjomba Salumu: Nije kwenye gwaride. Wengi wanadondoka wakiwa wamesimama tu. Wanakaza magoti, damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Legezeni goti kidogo sana, isionekane, na mchezeshe vidole vya miguu ndani ya kiatu, kaza shavu la mguu, achia. Jaribuni nyumbani: wima, mikono ubavuni, macho mbele, nzi akitua usimfukuze. Dakika 10, kisha 20, kisha 30. Hapo mnafundisha mwili na akili kwa pamoja.

Zuhura: Mimi naogopa zaidi kelele za afande.

Mjomba Salumu: Anapiga kelele kombania nzima isikie, mwanangu. Sikiliza amri, itekeleze, basi. Usijibishane naye, na usijieleze mpaka uulizwe. Moyo ukidunda, vuta pumzi kwa hesabu 4, itoe kwa hesabu 6, mara tano. Siku ikiwa ndefu usihesabu wiki zilizobaki, hesabu mpaka chakula kinachofuata.
Anzeni leo kulala mapema: kila siku rudisha nyuma robo saa, mpaka muamke saa 10 alfajiri bila kuitwa. Tandika, oga maji baridi, fua kwa mkono ukiwa umechoka. Simu iwekwe kabatini jioni, maana kambini hamtakuwa nayo. Na namba ya mama muijue kwa kichwa.

Nesi Somoe: Na ukiona usingizi umekata siku nyingi, chakula hakipiti, mawazo ni ya giza, mwambie daktari wa kambi. Usikae nalo peke yako.

Mama Zuhura: Na vifaa? Pesa ipo kidogo, nianze na kipi?

Mjomba Salumu: Anza na raba dada, tangazo la JKT huwa linataja rangi ya kijani au bluu. Nunua jioni, mguu ukiwa umetanuka, na apime akiwa amevaa soksi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Azikimbilie hizohizo kuanzia wiki ya 2, raba mpya siku ya kuripoti ni lengelenge. Bukta ya bluu, fulana ya kijani na shuka za bluu bahari zinaweza kungoja. Soksi ndefu nyeusi achukue jozi nne, za pamba nzito. Akipangiwa kambi ya Nachingwea nguo za baridi si lazima, ila akipelekwa ya Mafinga atazihitaji.

Mama Zuhura: Namba ya mguu wake ni 39.

Mjomba Salumu: Ajaribu 40 na soksi nzito kabla hujalipa.