Naomba ushauri: binti wa miaka 10 ameuliza swali lililonikwamisha

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninaishi Tanga na binti yangu wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume. Mama yao yuko Muscat kikazi.

Hivi karibuni binti alichanjwa shuleni chanjo ya HPV (virusi vinavyoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi), ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa nchini kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, akarudi akiniuliza mlango wa kizazi uko wapi. Nilimchorea mfuko wa uzazi nyuma ya daftari la hesabu, nikamweleza kwamba chanjo huzuia virusi vinavyosababisha saratani, lakini alipouliza virusi hivyo humfikiaje mtu, nilikwama.

Shangazi yake anashauri tusubiri avunje ungo ndipo akabidhiwe kwa somo, yaani mwanamke wa kumfunda. Desturi hiyo siipingi hata kidogo, ila hedhi huweza kuanza hata katika umri huu, na sitaki damu ya kwanza imkute darasani hajui ni nini. Mama yake amejaribu kumweleza kwa simu kuhusu pedi na usafi, lakini mtoto hujibu "ndiyo mama" tu, kwa kuwa mdogo wake habanduki kwenye simu hiyo.

Naomba kuuliza: swali la njia ya maambukizi lijibiwe kwa kina gani kwa mtoto wa miaka 10? Na je, niendelee mwenyewe kama baba, au nimwombe shangazi aanze naye sasa bila kusubiri ungo? Nitashukuru kusikia hasa kutoka kwa wauguzi na kina baba waliolea mabinti.