Mjadala: Bunge likikataa kodi, livunjwe?

Mleta mada, Arusha: Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kuvunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kura yenyewe mbunge anaitwa jina, asimame aseme ndiyo au hapana. Nani atahatarisha kiti chake? Tozo ya miamala ya simu ilipita Dodoma, ikaanza Julai 2021, na Septemba tu ikapunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu ya kelele za wananchi. Kifungu hicho kifutwe, kelele zianzie bungeni.

Mwongoza watalii, Sakina: Nakuunga mkono nusu. VAT ya huduma za utalii ilianza Julai 2016 wakati wageni wengi walishalipia safari kwa bei ya zamani. Bajeti inasomwa katikati ya Juni, Julai mosi kodi inaanza. Hata mbunge jasiri, wiki mbili afanye nini?

Mhasibu, Moshi: Mimi napinga. Someni na Ibara ya 99: muswada wa kuongeza kodi lazima utoke Serikalini, lakini kupunguza hakujazuiwa. Mkimwondolea mbunge hofu, wa kwetu atadai msamaha wa kahawa, wa Arusha utalii, wa Shinyanga pamba. Atakayebaki kulipa ni mwenye mshahara, maana yeye anakatwa kabla hata hajauona.

Muuza nguo, Kilombero: Ibara mnaionea. Kenya hawana kifungu hicho, lakini Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Muswada wa Fedha, 106 wakakataa, waandamanaji wakavamia Bunge siku hiyohiyo, kesho yake Ruto akagoma kusaini. Mbunge anaogopa chama. Chama ndicho kinachorudisha jina lake au kulikata.

Mleta mada: Hapo kwenye chama umenibana. Ila kodi ya laini ya 2013, shilingi 1,000 kila mwezi, nayo ilipita bungeni kisha ikafutwa kabla mwaka haujaisha. Tutapitisha na kufuta mpaka lini? Basi ibara ibaki, ila muswada utoke Aprili, tuuchambue miezi miwili.

Mhasibu, Moshi: Aprili? Wafanyabiashara wakijua bidhaa fulani inapandishwa kodi Julai, si watajaza maghala?

Muuza nguo, Kilombero: Watajaza, na mimi nikiwemo. Lakini tozo ya miamala utaijaza ghala gani? Kodi zisizokwepeka kwa kujaza ghala zitoke Aprili, za bidhaa zisubiri Juni.