Penn State 34, Bowling Green 27: msiniambie "ushindi ni ushindi"

Wakuu, salaam.

Nimelala na hasira na nimeamka nazo. Jana, tarehe 7 Septemba, nilitoka hapa Lancaster asubuhi na mapema na mpwa wangu, tukakata barabara zaidi ya saa mbili hadi State College, mji wa chuo chetu, kuiona Penn State ikicheza mechi yake ya kwanza ya nyumbani msimu huu wa 2024. Tumeshinda 34 kwa 27. Nimerudi nimenuna kama mtu aliyefungwa, na tangu jana usiku simu haitulii: "Kaka, acha lawama, ushindi ni ushindi." Neno hilo limenichosha ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwa msiofuatilia futiboli ya Kimarekani: Bowling Green ni chuo cha Ohio, kinacheza ligi ya MAC, ligi ya vyuo vya saizi ya kati. Mwanzoni mwa msimu vyuo vikubwa huvilipa vidogo hela nzuri vije kucheza ugenini. Mgeni anaondoka na fedha za kuendeshea idara yake ya michezo, mwenyeji anapata mechi ya kupasha misuli. Sisi tuliingia tukiwa nafasi ya 8 nchi nzima. Uwanja wetu, Beaver Stadium, unabeba watu 106,572, na Mei mwaka huu bodi ya chuo imepitisha hadi dola milioni 700 za kuukarabati. Hiyo ndiyo tofauti iliyopo kati ya sisi na wale.

Sasa, mapumziko ubao unasoma Bowling Green 24, Penn State 20.

Pointi 24 ndani ya dakika 30! Tena hawakuokota. Walikuja na mpango, wakautekeleza mbele ya macho yetu, na sisi tukawaangalia. Kuna kijana wao anaitwa Harold Fannin Jr., anacheza taiti endi. Ni yule mchezaji mwenye mwili anayesimama pembeni ya wazuiaji wa mstari, mara anazuia, mara anatoka kudaka pasi. Jana amedaka mara 11, yadi 137. Uwanja mzima ulikuwa unajua mpira unakwenda kwake. Mpwa wangu ana miaka 13 na ndiyo mara yake ya kwanza kukaa jukwaani, kufikia robo ya pili akawa ananionyesha kwa kidole kabla mpira haujaanza kuchezwa: "Mjomba, yule pale, hana mtu tena." Mtoto anaona! Benchi zima la makocha wenye hedifoni masikioni, na wenzao wamekaa juu kule wanaona uwanja wote kama ramani, wao hawaoni?

Mtaniambia mkufunzi wa ulinzi ni mgeni. Ni kweli, Manny Diaz aliyekuwepo ameondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha Duke, na Tom Allen aliyemrithi hii ni mechi yake ya pili tu. Nakubali mfumo mpya una kuchelewa kwake. Lakini kumwekea mtu wa pili mchezaji anayekuumiza hakungoji mfumo. Hilo hata timu za shule wanalifanya, kocha anapiga kelele tu kutoka pembeni: mkabeni yule!

Na kuna jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Sisi tunaye Tyler Warren. Taiti endi vilevile, mkubwa vilevile, na jana huyo huyo ndiye aliyetubeba: kadaka mara 8 kwa yadi 146. Maana yake vijana wetu wa ulinzi kila siku ya mazoezi wanakutana na mtu wa aina ya Fannin. Hawawezi kusema wameshtukizwa. Ugonjwa wanaujua, wanalala nao nyumba moja.

Watetezi mnashika kipindi cha pili kama ngao: "Si uliona, waliambulia pointi 3 tu?" Nimeona. Na hiyo ndiyo inayonichoma kuliko yote. Kumbe dawa ilikuwepo! Kama ilipatikana kwenye dakika chache za mapumziko, ilishindikana vipi kupatikana baada ya mara ya kwanza kufungwa? Au ya pili? Kwangu jibu ni moja: tuliwadharau. Tuliingia uwanjani tukiamini jezi itacheza yenyewe. Mkimbiaji wetu Nicholas Singleton alikimbia na mpira yadi 119, kazi ya kiume, namshukuru. Hata hivyo ilibidi tufike robo ya mwisho, mlinzi wetu Zakee Wheatley anyake pasi yao, ndipo wengine tukashusha pumzi. Dhidi ya Bowling Green, jamani. Nyumbani.

Na mnaosema "lakini hatukufungwa", hebu angalieni kilichotokea jana hiyo hiyo huko Indiana. Notre Dame, chuo kikubwa kingine, nafasi ya 5, juma moja tu baada ya kwenda kuwapiga Texas A&M kwao 23 kwa 13, wamewaalika Northern Illinois, wakawalipa dola milioni 1.4, na wakafungwa 16 kwa 14. Northern Illinois wanatoka MAC, ligi ile ile ya Bowling Green. Kilichotutenganisha na Notre Dame jana ni kitu chembamba mno, na mimi nilikuwepo nikakiona.

Halafu hili si la kwanza. Mwaka 2018, mechi ya kufungua msimu, uwanja huu huu, kocha huyu huyu James Franklin: Appalachian State walitupeleka hadi muda wa nyongeza tukashinda 45 kwa 38. Siku ile nayo tuliambiwa ushindi ni ushindi. Msimu ule tukamaliza na vipigo vinne.

Najua hesabu mpya za mwaka huu. Timu zitakazoingia mchujo wa ubingwa zimeongezwa kutoka 4 hadi 12, kwa hiyo wengi wenu mnahesabu ushindi tu na kulala usingizi. Mimi siwezi. Oktoba tunakwenda California kwa USC, kisha Wisconsin, na tarehe 2 Novemba Ohio State wanakuja hapa. Ohio State hawana Fannin mmoja. Wana wapokeaji wanne watano wenye kasi kumzidi, na wakikutangulia 24 kwa 20 hawatakusubiri utoke mapumziko umejirekebisha.

Sitaki kocha afukuzwe, msinilishe maneno. Ninachodai ni wachezaji wetu wamheshimu kila anayekanyaga uwanja ule, na benchi lirekebishe makosa mchezo ukiwa unachezwa, lisingoje wapige mluzi wa mapumziko.

Juma lijalo hatuchezi. Tarehe 21 wanakuja Kent State, nao ni wa MAC, nao mtaanza kuwaita vibonde. Tiketi mbili ninazo tayari, mpwa wangu ameshaomba twende tena. Mtu wa kwanza nitakayemtafuta kwa macho ni taiti endi wao, nione amesimama na nani.