Wito wako uliujuaje? Tupeane uzoefu

Kijana wa Section 58
Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili iliyopita hapa Nakuru pasta alisema wote wanaojua wito wao wasimame awaombee. Benchi letu lote likasimama, hadi katoto ka darasa la saba kando yangu, mimi nikabaki nimekaa naangalia viatu. Nimeokoka miaka kumi na moja sasa. Nauza spea za pikipiki, zamu yangu ikifika nafundisha sande skuli, fungu la kumi natoa. Lakini ukiniuliza Mungu aliniitia nini, sina jibu. Nyinyi mlijuaje? Sauti, ndoto, ama? Nataka mambo yalivyokuwa kweli, sio ule ushuhuda wa kupigiwa makofi.

Mama Chavakali
Hata mimi ningekaa. Pole mwanangu.

Fundi wa Kondele
Umegusa kidonda wacha nimwage yote. 2016 nilikuwa na karakana ya milango ya chuma, vijana watatu na mashine mbili za kuchomelea. Nabii mgeni akaja kanisani kwetu akaninyooshea kidole akasema ananiona nimeshika maikrofoni, hanioni nimeshika chuma, nipande mbegu ya elfu ishirini mlango wa huduma ufunguke. Nikauza mashine moja nikapanda. Kimya. Nikaambiwa shida ni sijafunga vya kutosha, nikafungia wale vijana karakana nikapanda matatu hadi Nakuru nikaingia mapangoni Menengai, funga kavu, hata maji sikunywa. Mwenye ameenda huko anajua, usiku baridi inaingia kwa mifupa, na mapango ya kando watu wanaomba mpaka asubuhi, nikisikia sauti zao nadhani ni Mungu anaanza kuongea. Siku ya tatu ulimi ulikuwa mkavu kama soli ya kiatu. Siku ya nne nikatoka nje nikaanguka uso kwa changarawe.

Nilipofungua macho kuna kijana wa kuchunga mbuzi, miaka kumi na mbili hivi, ananinywesha maji na kifuniko cha jerikeni. Nikitaka kushika jerikeni lenyewe anairudisha nyuma, ananiambia pole pole mzee utatapika. Akaniuliza kwenu unafanya kazi gani. Nikasema natengeneza milango. Akasema mlango wa kwao ulitoka bawaba, usiku mamake anauegemeza na jiwe.

Sikuongezewa neno lingine. Nikilinganisha na siku nne zangu, hilo ndilo nilisikia. Nikipata nguvu nikaenda naye, hakukuwa na vyuma nikakata bawaba kutoka kwa tairi kuukuu nikapiga misumari. Yule mama akafunga mlango, akafungua, akafunga tena, akasimama akiwa ameshika komeo akaanza kulia. Na mimi nikalia. Kesho yake nikarudi Kisumu kufungua karakana.

Dada Molo
Wueh! Nimesoma hii nikiwa kwa matatu nimepitishwa steji.

Baba Junior, Kakamega
Na ile elfu ishirini? Ungeenda polisi fundi, huo ni wizi.

Mama Chavakali
Aachane nayo, aliitoa kwa Mungu, Mungu ameiona.

Mtumishi, Kitale
Ndugu fundi pole, lakini usivunje watu moyo wa kufunga na kuomba. Petro alikuwa mvuvi akaacha nyavu. Amosi alikuwa na mifugo na mikuyu yake, Bwana akamtwaa. Wewe ulishindwa na mwili, sasa kushindwa umekuita wito.

Fundi wa Kondele
Mtumishi, kufunga sijakataa, hata sasa nafunga kila Jumatano. Nasema kile kilinitokea.

Mwalimu Mstaafu, Luanda
Petro aliacha nyavu sawa, lakini Paulo akiwa Korintho alishona mahema na bado akahubiri, Matendo 18. Na someni Kutoka 31, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Huyo hakuwa kuhani wala nabii, alikuwa fundi.

Mtumishi, Kitale
Bezaleli alijenga hema ya Mungu mwalimu, sio milango ya watu.

Mama wa Lanet
Mtumishi, wewe umewahi kulala nyumba haifungi? Mimi nimelala, mwanzo wa 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, na mabinti wawili. Usidharau mlango.

Baba Junior, Kakamega
Kijana rudi kwa swali lako, muulize bibi yako unafaa wapi, huyo hatakudanganya.

Dada Molo
Ama usiulize mtu, kila mtu atakuitia kazi yenye yeye anataka ifanywe. Shika ufagio ufagie kanisa, mengine yatajileta.

Binti wa Maseno
Sikuwa nimepanga kuandika lakini hiyo ya "sauti" imenirudisha mbali. Kakangu ni kiziwi, aliugua uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Lugha ya ishara aliisoma shule ya bweni, akija likizo anatufundisha, mimi ndiye nilishika haraka. Kanisani alikuja kwa sababu mama amesema, alikuwa anakaa akihesabu mbao za dari. Siku moja nikiwa na miaka kumi na nne niligeuka tu nikaanza kumwambia na mikono kile mhubiri anasema. Mzee wa kanisa akatuma shemasi aniambie niwache kuchezacheza wakati wa Neno. Nikashusha mikono chini ya benchi nikaendelea hapo juu ya mapaja, kakangu ameinama anasoma. Tulienda hivyo karibu mwaka mzima.

Halafu Jumapili moja mama anauza omena sokoni akakaa nyuma yetu na binti yake. Akanigusa bega. Akanionyesha binti, akanionyesha masikio. Basi nikapandisha mikono juu ya benchi na sijaishusha tena. Leo wako tisa, na yule mzee mwenyewe ndiye huwawekea nafasi.

Neno "wito" lenyewe lilinishinda kutafsiri. Utamwambiaje mtu kuhusu kuitwa na hajawahi kusikia jina lake? Nikamuuliza kakangu wao kwa wao huitana aje. Akasema si unamgusa tu bega.

Mama wa Lanet
Hapo kwa bega nimeweka simu chini kwanza.

Mtumishi, Kitale
Dada, kwetu kuna vijana wawili viziwi na hatujui pa kuanzia. Unaweza kufundisha mtu?

Binti wa Maseno
Naweza, lakini awe na subira, inachukua miezi. Nitafute inboksi.

Kijana wa Section 58
Nashukuru nyote. Dada, Jumapili ya tarehe mbili nitakuwa Kisumu kuchukua mzigo. Naweza kuja kukaa hiyo benchi?

Binti wa Maseno
Karibu sana. Ibada ya pili, saa nne na nusu, benchi ya tatu kushoto. Ukae mwisho upande wa njia, ule wa dirisha utawazibia mwangaza.