Uzi: 725,502 si mshahara wa mbunge, ni kiingilio tu. Someni hesabu hii kabla hamjaambiwa tena "tunalipwa kidogo"

Msimu wa bajeti ukikaribia, wabunge wetu wa Kenya huanza wimbo uleule: maisha yamepanda, wananchi wanatumaliza kwa michango, mshahara hautoshi. Nasi tunabishana juu ya nambari moja tu, ile ya mshahara ghafi, ilhali pesa yenyewe haiko hapo. Nimechoka na huo mjadala wa kijuujuu. Tufungue kitabu.

Notisi ya Agosti 2023 ya SRC, tume inayopanga mishahara na marupurupu ya maafisa wa serikali, ilimpa mbunge na seneta shilingi 725,502 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Msingi ni 435,301. Nyumba ni 150,000. Zile zinazobaki, kama 140,200, zinaitwa marekebisho ya soko. Soko gani? Kuna mwajiri gani mwingine anayegombania wabunge na Bunge? Neno hilo lina maana kwa daktari bingwa au rubani anayeweza kuchukuliwa na kampuni nyingine kesho. Kwa mtu aliyeomba kura mwenyewe, akabandika mabango mwenyewe, halina maana hata chembe. Nyongeza ya Julai 2024, ambayo ingefikisha 739,600, ilisimamishwa baada ya vijana kujaa barabarani. Haikusimama kwa huruma ya mtu.

Sasa linganisheni msingi kwa msingi, ili asitokee mtu kusema nimeonea. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi tangu Novemba 2024 ni 16,113.75, bila nyumba. Gawanyeni 435,301 kwa hiyo: ni 27. Kibarua anafanya kazi miaka miwili na miezi mitatu kupata msingi wa mwezi mmoja wa mheshimiwa.

Lakini nimesema pesa haiko hapo. Iko kwenye marupurupu, na hapo ndipo ujanja wote unapikwa.

Chukueni posho ya kikao cha kamati. Katika viwango vya SRC vya 2013, mwanachama alipata 5,000 kwa kikao, naibu mwenyekiti 8,000, mwenyekiti 10,000, mwisho vikao 16 kwa mwezi. Yaani 80,000 kwa mwanachama na 160,000 kwa mwenyekiti, juu ya mshahara, kwa kazi ileile aliyoajiriwa kufanya. Tazameni utaratibu huo unavyomsukuma mtu. Unalipa vikao, haulipi ripoti. Kazi ya asubuhi moja ikigawanywa vikao viwili, inalipa mara mbili. Kamati ikimaliza uchunguzi haraka, inajinyima. Ndiyo maana kila baada ya uchaguzi vita vya uenyekiti wa kamati ni vikali kuliko vita vya mswada wowote, na ndiyo maana mafungo ya kamati hayaishi Mombasa na Naivasha, ambako posho ya kulala huongezwa juu. Kifungu 121 cha Katiba kinataka wabunge 50 tu kati ya 349 ili Bunge la Taifa liendelee, na bado kengele ya kuita akidi hulia.

Posho ya usafiri nayo. Sina haja ya kiwango halisi kuonyesha tatizo. Tuseme shilingi 100 kwa kilomita kwa hesabu nyepesi. Eneobunge liko kilomita 400 kutoka Nairobi, kwenda na kurudi 800, safari moja kwa wiki, wiki 52: kilomita 41,600, shilingi milioni 4.16 kwa mwaka, karibu 347,000 kwa mwezi. Swali ambalo kila mpiga kura anapaswa kuuliza ni moja: dai linalipwa kwa kumbukumbu ya safari iliyofanyika, au kwa umbali wa ramani? Kama ni ramani, basi hiyo si fidia ya mafuta. Ni mshahara wa pili unaoongezeka kadiri ulivyochaguliwa mbali.

Bado mikopo. Viwango vya 2013 viliruhusu milioni 20 za nyumba na milioni 7 za gari kwa riba ya asilimia 3. Mwalimu anayekopa benki analipa riba mara kadhaa ya hiyo. Tofauti kati ya riba ya soko na hiyo asilimia 3 ni zawadi kutoka kwa mlipa ushuru, na haionekani kwenye payslip yoyote. Ongezeni bima ya matibabu ya kulazwa hadi milioni 10 kwa familia, na kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi.

Sasa mtaniambia SRC si ipo? Ipo. Kifungu 230 cha Katiba ya 2010 kiliiweka makusudi ili wabunge wasijipangie wenyewe, kwa sababu tulikuwa tumeona. Bunge la kumi lililipwa 851,000 kwa mwezi, na kati ya hizo ni 200,000 tu zilizotozwa ushuru. Hawakutosheka: Oktoba 2012 walijipitishia marupurupu ya kuagana ya shilingi milioni 9.3 kila mmoja, Rais Kibaki akakataa kutia sahihi, Januari 2013 wakajaribu tena. Wale wanaosema "walipwe vizuri wasiibe" waeleze hapo. Walikuwa miongoni mwa wabunge wanaolipwa vizuri zaidi duniani na bado walitaka kuondoka na gunia.

Angalieni kilichofuata. SRC chini ya mwenyekiti wake Sarah Serem ikashusha hadi 532,500. Wabunge wapya wa 2013, kabla hata hawajajua njia za kwenda vyoo vya Bunge, wakapiga kura kubatilisha notisi zake. Mwishowe yakaafikiwa maelewano: mshahara ubaki chini, lakini kila mmoja apewe milioni 5 za gari. Mshahara ukikatwa mbele, pesa inarudi kwa mlango wa nyuma na jina jipya. 2017, mshahara ukiwa umeshapanda tena, SRC ikaushusha hadi 621,250, ikafuta ruzuku ya gari na posho ya vikao vya Bunge zima. Wakaenda mahakamani. 2022 SRC ikafuta tena posho ya vikao vya Bunge zima, na wabunge wapya walipokutana Septemba hoja iliyowaka kuliko zote ilikuwa kuivunja SRC.

Kisa cha kusoma kwa makini zaidi ni cha posho ya nyumba ya 250,000. Tume ya Huduma za Bunge, PSC, inayoongozwa na Spika, ina mamlaka ya kutoa "huduma na nyenzo" ili Bunge lifanye kazi. Hapo ndipo penye ufa. Ukiita posho ya nyumba "nyenzo", unasema haiko chini ya SRC. Wakajilipa. Wabunge na maseneta 416 mara 250,000 ni milioni 104 kwa mwezi. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua malipo hayo ni kinyume cha Katiba na ikaagiza yakatwe kwenye mishahara yao. Jumla ilikuwa imefika takriban bilioni 2.7. Bilioni! Na hakuna hata mmoja aliyepoteza kiti kwa sababu hiyo pekee.

Ukitaka kujua kinachowasukuma, weka hilo kando ya mswada wa usawa wa jinsia bungeni wa Februari 2019. Ulihitaji kura 233. Hawakutimia ukumbini, ukaanguka. Lakini Julai 2025, mswada wa kurekebisha Katiba ili NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneobunge, iingizwe humo ulipita kwa wingi mkubwa, nao ulihitaji theluthi mbili zilezile. Mahakama Kuu ilikuwa imeamua Septemba 2024 kwamba NG-CDF inakiuka Katiba na ikome mwisho wa Juni 2026. Akidi ya 233 inapatikana, basi. Inategemea ni jambo la nani.

---

Jibu, kutoka kwa Mzawa_wa_Ganda:

Ndugu mwenye uzi, hesabu zako sizipingi, ila umeacha upande mmoja. Mshahara huo haukai mfukoni. Mbunge akifika nyumbani Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi getini kuna watu arobaini. Mmoja mwanawe amerudishwa shuleni kwa karo, mwingine maiti imezuiliwa hospitalini kwa bili, kikundi cha akina mama kinataka viti na hema, kanisa linataka mabati, na kuna matanga matatu siku hiyohiyo, kila moja akitarajiwa kusimama na kutoa. Asipotoa, jina lake limeisha. Hata kwa 5,000 kwa kila aliye getini ni laki mbili kwa asubuhi moja, na mwezi una Jumamosi nne. Hapo 800,000 zimekwenda kabla hajaweka mafuta. Mwenye kulaumiwa hapo ni sisi pia.

---

Mwenye uzi anajibu:

Asante ndugu yangu, umetoa hoja yao bora kuliko wanavyoitoa wenyewe, na nitaijibu kwa nambari.

Hiyo 800,000 uliyotaja inazidi mshahara wake wote. Kwa 725,502, ukitoa ushuru wa mapato, bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba, anabaki na kama 490,000 kabla ya pensheni. Basi anayetoa 800,000 kila mwezi getini anaitoa wapi? Hilo ndilo swali, na halijibiwi kwa kumwongezea mshahara. Ukimwongezea laki mbili, mpinzani wake naye atapandisha kiwango cha kutoa, na tutarudi hapahapa.

Tazama gharama ya kuingia. Utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu uchaguzi wa 2017 ulikuta mgombea ubunge alitumia wastani wa milioni 18.2, useneta milioni 35.5. Mbunge mwenye 490,000 kwa mwezi, miezi 60, anakusanya milioni 29.4. Toa 18.2. Zinabaki milioni 11.2 kwa miaka mitano, chini ya 190,000 kwa mwezi, na hapo hajala, hajasomesha, na hajaweka akiba ya kampeni ijayo. Mtu mwenye akili ya biashara hawekezi hivyo kwa sababu ya mshahara. Anawekeza kwa kinachokuja na kiti: marupurupu niliyoyaeleza, mikopo ya asilimia 3, ushawishi kwenye zabuni, na NG-CDF inayomfanya basari ya mtoto wako ionekane imetoka mfukoni mwake. Yule mzazi aliye getini kwa ajili ya karo anaomba pesa ambazo tayari ni zake.

Na mlango wa kupunguza gharama hiyo wameufunga wao. Sheria ya ufadhili wa kampeni ipo tangu 2013. Kwa uchaguzi wa 2017 ilisimamishwa isitumike. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipochapisha viwango vya matumizi 2021, Bunge likavikataa. Huwezi kukataa kikomo cha matumizi halafu ulie kwamba siasa ni ghali.

Kwa wanaouliza tufanye nini, kuna hatua moja isiyohitaji maandamano. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kumwandikia Karani wa Bunge. Usiulize "mbunge wetu analipwa ngapi", utajibiwa kwa nambari ya gazetini. Taja jina la eneobunge, taja kipindi, kwa mfano Julai hadi Juni, kisha omba vitu vitatu kando kando: jumla ya posho za vikao vya kamati na idadi ya vikao, jumla ya madai ya usafiri na umbali uliotumika kuyakokotoa, na jumla ya posho za safari za ndani na za nje. Ukivichanganya watakupa jumla moja isiyokusaidia. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21. Zikipita kimya, au wakikataa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, na muhuri ule ndio ushahidi wako wa tarehe.

Atakayejibiwa aweke barua hapa, afiche jina lake na anwani yake. Na wenye notisi za SRC kwenye Gazeti Rasmi tangu 2013, leteni nambari ya notisi na tarehe. Picha za vichwa vya habari bila nambari hazinisaidii.